Aliyemwita Kanana Mama

Joyline ndiye aliyesimama kwanza. Baadaye wazazi wengine walijifanya hawakumbuki ni nani aliyeanza, lakini yeye hawezi kusahau, kwa sababu alipigiwa makofi.

Ilikuwa Jumatano, mkutano wa wazazi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya msingi huku juu Kibirichia, Meru. Wazazi walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, gambuti miguuni bado zina udongo wa shamba, maana ulikuwa msimu wa kuchimba waru, yaani viazi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kurudi nyumbani kubadilisha. Mwalimu wa darasa, Madam Gatakaa, alimaliza habari ya mitihani, akasema ana ombi moja. Alitaka wamruhusu awafundishe watoto somo la dakika arobaini siku ya Ijumaa, kuhusu watu wanaokutana nao kwenye simu. Mtoto atamjuaje mtu anayejifanya rafiki. Siri gani haifai kuwekwa. Na mtu akianza kumsumbua, aende amwambie nani.

Hakufika mbali. Joyline alisimama, akarekebisha leso kiunoni, akaomba radhi kwa kumkatiza mwalimu. Alisema watoto wa hapa hawana simu, wana majembe. Alisema hayo ni mambo ya Nairobi, na ukimweleza mtoto uchafu ambao hajauona utakuwa umemwonyesha mahali ulipo. Watu walianza kutikisa vichwa kumuunga mkono, naye alivyoona vichwa vinatikisika, ulimi ukapata moto.

"Mtoto anayeongea na wanaume kwenye simu, shida yake haikuanza kwenye simu," alisema. "Huyo hakulelewa. Na mimi wangu nimemlea."

Hapo ndipo makofi yalipopigwa. Mwalimu mkuu, Kailemia, mtu asiyependa kelele za wazazi hata kidogo, alisema tuachane na hilo kwanza, tuongee habari ya uji wa watoto. Madam Gatakaa aliketi akaikunja karatasi yake mara mbili, halafu mara nne.

Watoto wa Gredi ya Sita ndio waliokuwa wakiwaletea wazazi chai. Kanana, binti ya Joyline, miaka kumi na mmoja, alikuwa amesimama mlangoni na birika mikononi. Joyline alimwona, akamtabasamia. Alitaka mtoto aone jinsi mamake anavyoheshimiwa.

Sasa, ili mtu aelewe kosa la Joyline, lazima aelewe kwanza jina la Kanana. Kwao, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanyake mzaa baba, na akipewa jina, amepewa na kiti cha huyo nyanya. Mutuma, babake Kanana, hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita mama. Ndugu zake Mutuma nao, wanaume wenye ndevu na mvi, walimwita mama. Walipokuja kutembea walimletea ndizi ama kitambaa cha nguo, wakapiga hodi wakisema, "Mama, mtoto wako amekuja." Naye Kanana, tangu akiwa hajafika hata urefu wa meza, alikuwa amefundishwa kujibu, "Karibu mwanangu, umekula?"

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kupendeza. Na aliyemfundisha ni Joyline. Alimwambia kwamba mtu akikuita mama kwa sababu ya jina lako, humgeuzii mgongo wala humnyimi neno, kwa sababu huyo ni damu yako, na neno la mama lina nguvu, likitoka vibaya linaweza kumharibia mtu maisha. Alimfundisha hivyo kwa nia njema. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna siku mafundisho hayo yatatumiwa na mtu mwingine.

Muhula uliotangulia, watoto waliambiwa kila mmoja ajenge kitu cha kilimo, na wazazi wapige picha watume kwenye grupu ya darasa. Kanana alijenga nyumba ya sungura kwa mabaki ya mbao, akaijenga vizuri mpaka jirani akaja kuiangalia. Joyline alimpiga picha akiwa na sare ya shule, sungura kifuani, akaandika chini yake: "Huyu ni Kanana, mama yake Mutuma, na ameshinda watoto wake wote kwa ufundi." Watu walicheka kwenye grupu, wakatuma maua na mikono ya kupongeza.

Darasa lile lina watoto arobaini na wanane. Grupu ilikuwa na watu zaidi ya mia moja na thelathini. Mwaka wa kuchangia madawati, mzazi mmoja aliichukua ile linki ya kuingilia akaitupa kwenye grupu ya wauza waru ili wasamaria wema nao waingie. Waliingia. Madawati yalinunuliwa, na hakuna aliyetoka, wala hakuna aliyewahi kuuliza huyu ni mzazi wa nani.

Siku mbili baada ya ile picha, simu ya Joyline ililia. Alikuwa jikoni. Mwanamume, sauti ya upole, Kimeru chake kimechanganyika kidogo na Kiembu. Alijitambulisha kwa jina la Kiunga. Alisema ameona picha ya mama yake kwenye grupu akashindwa kunyamaza.

Joyline alifurahi. Alimuuliza yeye ni wa nani kwenye ukoo, na kabla mtu yule hajajibu, akamsaidia.

"Ama wewe ni wa Kaimenyi, baba mdogo wa Mutuma, yule aliyehamia Embu?"

"Huyo huyo, shemeji."

"Upande wa Runyenjes?"

"Hapo hapo. Kumbe mnatukumbuka."

Ukiangalia vizuri, mtu yule alikuja na jina moja tu. Baba, kwao na ukoo alipewa na Joyline, kwa mdomo wake mwenyewe, huku akikoroga sufuria. Halafu akaita kwa furaha, "Mama, kuja uongee na mtoto wako," akampa Kanana simu. Aliporudi kukoroga alimsikia mtoto akisema, kama alivyofundishwa, karibu mwanangu, umekula?

Mutuma alikuwa fundi wa mawe huko Isiolo, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Alipokuja, Joyline alimwambia tu kwamba mtu wao wa Embu alipiga kumsalimia mama. Mutuma alisema ni vizuri bado wanakumbukwa, akaendelea kula. Jina la Kaimenyi halikutajwa. Lingetajwa, hadithi ingeishia hapo kwenye sahani.

Baada ya hapo simu ikawa inaingia jioni, saa ya kazi ya shule, Joyline akiwa bado shambani na simu iko mezani kwa sababu mwalimu hutuma maswali kwenye grupu. Mwanzoni yule mtu alikuwa anauliza habari za sungura. Kisha akaomba picha ya sungura. Kisha picha ya mama na sungura, kisha picha ya mama na nguo ya Jumapili. Alimfundisha kufuta kila ujumbe akimaliza kuusoma, akimwambia mambo ya mama na mtoto hayaingiliwi na watu wa nje. Siku alipoomba picha ya namna nyingine, Kanana alikataa. Mtu yule hakupandisha sauti. Alisema mama akimnyima mtoto wake, hiyo ni laana, na akipatwa na ajali barabarani, Kanana ndiye atakayekuwa amemuua. Mtoto wa miaka kumi na mmoja akalala na mzigo huo, asubuhi akaamka nao akaenda shule.

Joyline hakujua hata kimoja katika hayo. Alichoona ni kwamba mtoto amekuwa mzito wa kula, akasema ni minyoo, akamnunulia dawa.

Ile Jumatano ya mkutano, walipofika nyumbani, wawili hao walikaa kwenye magunia kuchambua waru, kubwa huku, za mbegu kule. Joyline alikuwa bado ana raha ya makofi. Alikuwa anaeleza tena alivyosimama na jinsi mwalimu alivyokosa la kusema. Kanana alisikiliza kwa muda mrefu, mkono wake ukigeuza waru moja tu.

"Mami, yule mtoto uliyesema hakulelewa ni nani?"

"Hakuna. Nilikuwa nasema tu."

"Na kama yuko?"

"Kama yuko basi mamake amefanya kazi bure," Joyline alijibu, akacheka. "Weka hiyo waru kwa mbegu, imeota macho."

Kanana aliiweka kwa mbegu. Hakuuliza tena. Yeyote anayelea mtoto asimame hapo kidogo, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa upana wa mkono mmoja, na Joyline akaupita akicheka.

Alhamisi ilipita. Ijumaa ilipita, saa ya lile somo ikatumiwa kusafisha darasa. Jumamosi asubuhi Kanana alivaa nguo ya kanisa akasema anaenda mazoezi ya kwaya. Badala yake alienda mahali lori la Nthiga hupakia waru za kupeleka mjini, akamwambia Nthiga kwamba mamake amemtuma kwa Faiza. Nthiga anamjua mtoto tangu azaliwe, na anajua Joyline humuuzia Faiza waru. Akampakia mbele. Alipoulizwa baadaye alisema, "Alisema umemtuma. Mimi ningemkataliaje mtoto wako?" Na kweli, angemkataliaje?

Faiza ana duka la chipsi pale Makutano, mjini Meru, karibu na njia panda. Ni mwanamke wa maneno machache, na biashara yake na Joyline ni ya miaka minne. Saa nne na nusu hivi alimwona Kanana amesimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi, upande ule mwingine, na nguo nyeupe, anaangalia kila mwanamume anayepita. Alifikiri Joyline yuko karibu. Alihudumia wateja, akaangalia tena. Mtoto yuko pale pale. Akavuka barabara na aproni yake ya mafuta akamuuliza anangoja nani. Kisha akamshika mkono, akamrudisha naye dukani, akampigia Joyline.

Joyline alikuwa shambani, mgongo umekunjwa. Aliipokea simu akijua ni oda ya waru.

"Mama Kanana, mtoto wako yuko hapa kwangu," Faiza alisema. "Nimemuuliza anangoja nani. Ameniambia anangoja mtoto wake."

Joyline alitaka kucheka.

"Mtoto gani, Mama Kanana?" Faiza aliuliza tena, polepole. "Huyu ana mtoto gani?"

Wakati huo huo simu ililia sikioni kuonyesha kuna mwingine anapiga. Joyline aliiangalia. Ilikuwa imeandikwa Kiunga Embu, alivyomhifadhi yeye mwenyewe. Na hapo, katikati ya mtaro wa waru, akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Yule mtu alifika, hakumwona mtoto mahali alipomwambia asimame, na namba aliyonayo ya kumtafuta ni moja tu.

Alimwacha Faiza, akapokea. Hakusema kitu. Alimsikia akipumua, akasikia magari ya Makutano nyuma yake, kisha ile sauti ya upole ikasema, "Mama, uko wapi? Mtoto wako amechoka kusimama."

"Ni mimi," Joyline alisema.

Simu ilikatika. Alipopiga, namba haikupatikana, na mpaka leo haijapatikana.

Faiza anasema alimwona mwanamume mwenye jaketi ya buluu akizunguka ule ukuta wa duka la vifaa, akiangalia simu yake, kisha akiangalia upande wa chipsi. Mtu wa kawaida, wa umri wa kuwa na watoto shuleni. Faiza alikuwa amemweka Kanana nyuma ya kaunta na kisu kidogo na beseni la waru za kumenya, ili awe na kitu cha kufanya na mikono. Mwanamume alisimama kama dakika mbili. Halafu akaondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo lingine.

Joyline alifika Makutano na gambuti za shamba. Alimkuta mtoto amemenya beseni zima. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumpiga, akashindwa kuchagua, akasimama tu. Kanana hakulia. Aliuliza kitu kimoja, kama mtoto wake amepata ajali.

Kwenye kituo cha polisi, askari wa kike wa dawati la kesi za watoto alikuwa mpole. Aliuliza jina la mtu huyo. Kiunga. Mwana wa nani? Wa Kaimenyi. Anaishi wapi? Runyenjes. Aliandika yote. Halafu akauliza haya alisema yeye au mlimwambia, na Joyline akakubali kwamba ni yeye aliyemwambia. Askari alikata ile mistari mmoja baada ya mwingine, akabaki na jina la Kiunga, namba ya simu isiyopatikana na jaketi ya buluu. Aliahidi watafuatilia. Pengine wanafuatilia.

Jioni hiyo Mutuma alipigiwa simu Isiolo, akafika nyumbani Jumapili. Alimpigia mzee mmoja wa ukoo, na jibu likaja kabla chai haijapoa. Kaimenyi wa Embu alizaa wasichana watano. Hakuwahi kuwa na mvulana. Swali moja tu, la dakika mbili, na halikuulizwa kwa miezi miwili.

Mutuma hakumfokea mke wake, na hilo lilimuuma Joyline kuliko makelele. Kanana alipotoka chumbani, Mutuma alifungua mdomo kumwita kama anavyomwita siku zote, na lile neno lilipoanza tu kutoka, mtoto alirudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagonga mlango. Mutuma alilimeza neno. "Kanana," alisema. Tangu siku hiyo anamwita Kanana, na ndugu zake wameambiwa vivyo hivyo. Jina la heshima ambalo nyanyake alimwachia lilichukuliwa na mtu ambaye hata uso wake hawaujui.

Jumatatu Joyline alimpeleka mwenyewe shuleni na kuomba kuongea na Madam Gatakaa. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha. Mwalimu hakumpa nafasi ya kuuomba. Alimwambia aketi kwenye benchi la nje, akaingia na Kanana ofisini, akafunga mlango. Walikaa saa nzima. Joyline alisikia sauti ya mtoto wake ikisema maneno mengi, mengi kuliko aliyowahi kumsikia akisema nyumbani kwa mwezi, na mara moja akasikia akilia. Aliinuka. Akaketi tena.

Madam Gatakaa alipotoka alikuwa na macho mekundu. Alimweleza yote yanayohusu usalama wa mtoto: zile picha, ile laana, jinsi alivyopangiwa siku na mahali. Alieleza wazi, bila kumpunguzia. Joyline aliuliza kwa nini hakumwambia yeye, mamake mzazi, aliyelala naye nyumba moja.

"Alikuwa aseme Jumatano," mwalimu alisema. "Alijipanga aseme siku hiyo. Halafu akaleta chai."

Somo lilifundishwa Ijumaa iliyofuata. Safari hii hakuna mzazi aliyesimama kupinga. Grupu ya zamani ilifutwa, ikafunguliwa nyingine yenye wazazi wanaojulikana kwa sura, na picha za watoto hazitumwi tena zikiwa na majina. Joyline alimnunulia Kanana kiti kidogo cha kukaa karibu naye akipika, akawa anamuuliza kila jioni kama kuna mtu amemsumbua. Kanana hujibu, "Hakuna, mami," kwa adabu zote. Zamani jibu hilo lingemfurahisha Joyline. Sasa huligeuzageuza usiku kucha, na hajui kama ni kweli.

Baada ya wiki tatu Kanana alikuja na kazi ya nyumbani ya kutiwa sahihi na mzazi. Ilikuwa karatasi moja. Juu iliandikwa: andika watu wazima watatu unaoweza kuwaambia mtu akikusumbua. Mstari wa kwanza Kanana alikuwa ameandika Madam Gatakaa. Wa pili, Faiza wa chipsi. Wa tatu alikuwa ameandika jina, akalifuta kwa raba, akasugua mpaka karatasi ikawa nyembamba ikaota nywele.

Joyline alitoka nayo hadi mlangoni, mahali penye mwanga. Aliinamisha karatasi huku na huku akijaribu kuona penseli ilipita wapi. Hapakusomeka kitu. Kanana alikuwa nyuma yake, amesimama na kalamu, akingoja, kwa sababu mwalimu alisema karatasi irudi kesho. Joyline aliichukua ile kalamu, akaweka karatasi kwenye paja, akatia sahihi pale chini palipoandikwa mzazi.